PEI ya unga kwa seli za HEK293: uzoefu wangu

Kama unakuza HEK293 (seli za figo la kijusi cha binadamu zinazokuzwa maabara), unataka kuziingizia DNA, na bajeti yako ni ya kuungaunga, nunua polietilinimini ya unga, ile ya mnyororo mnyoofu yenye uzito wa molekuli 25,000. Maabara tunaiita PEI tu. Nilihamia huko kutoka kwenye vitendanishi vya lipidi. Vile vinafanya kazi vizuri, sikatai, ila kichupa kidogo kina bei ya kumfanya mkuu wa maabara agune, na lazima kisafirishwe kwenye baridi. Mzigo wetu mmoja ulikwama forodhani hadi barafu ikaisha. Unga wa PEI haujali joto la ghala.

Shughuli iko kwenye kuuyeyusha, maana ukiutia kwenye maji baridi unabaki madonge. Mimi hutumia maji ya moto, nikashusha pH hadi chini ya 2 kwa asidi ya haidrokloriki, nikakoroga hadi maji yawe maangavu, kisha nikapandisha pH hadi 7 kwa sodiamu haidroksaidi. Nachuja kwa chujio la mikromita 0.22, nagawa miligramu 1 kwa mililita kwenye vichupa, vinaingia friza.

Kwa sahani ya sentimita 10 naweka mikrogramu 10 za plasmidi (DNA ya duara tunayotaka iingie kwenye seli) na 30 za PEI, kwenye midia (maji ya lishe ya seli) isiyo na serumu (majimaji ya damu), nasubiri dakika 15 hadi 20. PEI ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi. Zinashikana kuwa chembechembe ambazo seli inazimeza yenyewe. Serumu ikiwahi kuingia inavuruga mshikamano huo. Kesho yake, plasmidi ikiwa ya GFP (protini inayong'aa kijani), sahani inawaka kijani hadi raha! Ila usizidishe PEI ukidhani utapata zaidi: seli zinajikunja kuwa duara, zinang'oka na kuelea.

Kila unapoyeyusha unga na kupata mchanganyiko mpya wa PEI, ujaribu kwa GFP kabla hujautumia kwa kazi ya maana, kwa sababu nguvu yake hubadilika, na uwiano wa PEI 3 kwa DNA 1 ni pa kuanzia tu.

Kwa Jurkat (seli za saratani ya damu) na seli zilizotolewa moja kwa moja mwilini, weka pesa yako mfukoni. Huko PEI iliniletea seli mfu nyingi na kijani cha kutafuta kwa tochi; sasa naingiza DNA kwa mshtuko wa umeme.