Chumvi ya kuhifadhi ngozi kambini: laini au ya mabonge?

Kwa ngozi ya nyati au tandala inayokwenda kutengenezwa kichwa cha ukutani, nunua chumvi laini. Ya mabonge ni nafuu, lakini bonge hugusa ngozi kwa ncha tu. Kati ya ncha na ncha pana unyevu, na kwa joto la porini bakteria hawasubiri jioni. Hasara huonekana baadaye kwa mtengenezaji: ukivuta manyoya ya shavuni kwa vidole viwili yanatoka kama ya kuku aliyechovywa maji ya moto. Hapo hakuna dawa.

Laini huingia kwenye mikunjo, na mikunjo ndiyo kazi yote. Haimwokoi mchunaji mvivu, lakini. Midomo ipasuliwe kwa ndani mpaka karibu na ukingo, kope vilevile, pua itolewe gegedu, masikio yageuzwe kama soksi hadi nchani. Nyama ikibaki mdomoni, hata unene wa kidole, chumvi huishia humo na haifiki kwenye mizizi ya manyoya.

Kipimo ni kilo moja ya chumvi kwa kila kilo ya ngozi mbichi. Sugua kwa kiganja upande wa nyama, uanzie usoni, na kingo zisijikunje. Ilaze siku nzima mahali penye mwinamo maji yatiririke, kisha kung'uta yote na upake mpya. Iliyotumika itupwe, maana imebeba damu na vijidudu visivyoogopa chumvi, vile vinavyoacha madoa mekundu. Ikaushwe kivulini penye upepo. Juani mafuta huyeyuka na kuiunguza ngozi. Ikunjwe ingali laini, kwani ikishakuwa ubao huvunjika masikio.

Ngozi ya kichwa na mabega ya nyati huweza kupita kilo 20 ikiwa mbichi, na chumvi hupakwa mara mbili. Hesabu gunia la kilo 50 kwa nyati mmoja.

Wapo wanaochanganya shabu. Hushika manyoya kweli, ila hukaza ngozi hata kiwandani ikagoma kulowana. Iacheni.

Na kama dukani yamebaki mabonge tu, yatwangwe kwenye kinu mpaka yapite chekecheo la unga. Yasiyopita yabaki kwa ngozi ya mgongo, tena kwa awamu ya pili tu.