Hamira ya chenga, pakiti ya gramu 11: nzuri, ila iepushe na maji ya moto

Chenga hizi ni seli hai zilizolala. Zikipata maji na sukari zinaamka, na ndani ya donge zinavunja glukosi bila oksijeni: molekuli moja huzipa ATP 2 tu (ATP ni molekuli zinazobeba nishati ya seli), na mabaki yake ni alkoholi na kabonidayoksaidi, gesi inayoumua andazi. Gramu 7 zinatosha nusu kilo ya unga. Ijaribu kwanza: kijiko cha chai ndani ya nusu kikombe cha maji vuguvugu yenye sukari kidogo. Povu lisipopanda kwa dakika 10, imekufa, itupe. Maji ya nyuzi 60 huiua. Sukari ikizidi sana nayo huzinyonya seli maji, donge likachelewa kuumuka. Pakiti iliyofunguliwa ibane vizuri, iweke kwenye friji. Kwa maandazi, tunaipendekeza kwa moyo wote.