Ala ya kisu cha kukunja: papasa nje kabla hujalipa

Malalamiko ya wasomaji safari hii yamefanana mno. Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia kwamba kila akitaka kumenya chungwa, akivuta kisu mfukoni ala nayo inakuja. Mkono mmoja una chungwa, wa pili una kisu kilichovaa ngozi, na wa tatu Mungu hakumpa. Fundi umeme mmoja naye ala yake ilikuwa ikimdondoka akiwa juu ya ngazi, mpaka akaitupa. Wote walinunua ngozi halisi, mshono safi, inang'aa kweli kweli. Na ugonjwa uko hapo hapo kwenye kung'aa.

Ngozi ina pande mbili. Upande ulioota manyoya ni laini, ukipakwa rangi unapendeza. Upande wa nyama una nyuzinyuzi, ukiupapasa unashika vidole. Washonaji karibu wote wanaweka ule laini nje ili mteja avutiwe, na wa nyama ndani. Matokeo yake, kwa ndani kisu kinang'ang'aniwa, na kwa nje ala inateleza kwenye kitambaa cha mfuko. Ukivuta, vitaachaje kutoka pamoja? Geuza ngozi hiyo hiyo, upande wa nyama uwe nje ushikane na kitambaa, na ulaini uwe ndani kisu kiteleze. Hakuna gharama ya ziada hata senti. Lakini uliza maduka kumi kama wanazo zilizogeuzwa, utaangaliwa kama umeomba kiatu chenye soli juu.

Kwa hiyo ukienda kununua, nenda na kisu chako. Kitie kwenye ala, tia ala kwenye mfuko wa nguo uliyovaa, kisha vuta kwa vidole viwili tu. Ala ikibaki, toa hela. Ikitoka, mrudishie mwenyewe na usikubali maneno ya "ikizoea itakaa vizuri." Haizoei. Ngozi laini kadiri inavyotumika ndivyo inavyozidi kuteleza.

Sasa nipange, na niseme wazi kabisa kwamba mimi ni mtu wa visu vya Opinel, anayetaka usawa atafute kwingine.

Ya kwanza, bila mshindani, ni ala ya mfukoni ya ngozi iliyogeuzwa, ndani yake Opinel namba 8. Kisu hiki cha Savoie, Ufaransa, kikikunjwa kina urefu wa sentimita 11 na uzito wa gramu 45 hivi, na mpini wake ni wa mviringo, hauna kona ya kukuchoma paja ukibanwa kwenye siti ya daladala. Pete yake ya kuzungusha, Virobloc, ilianza 1955 kwa kuzuia bapa lisijifunge mkononi. Tangu 2000 pete hiyo inafunga hata bapa likiwa limekunjwa, maana yake hakifunguki chenyewe mfukoni. Ukimwagiza fundi viatu, mwambie ala iwe na kina cha sentimita 9 na nusu au 10, kitako cha mpini kichungulie kidogo upate pa kushika. Pete iende chini, kitako juu. Na kwa kuwa mpini ni wa duara, vipande vikatwe vipana kuliko unavyodhani, la sivyo mshono utabana na utarudi kwa fundi kabla wiki haijaisha.

Kwetu wa Pwani kuna jambo jingine. Mti wa mpini ule ukinywa unyevu unavimba, bapa linagoma kutoka. Wenyeji wa Savoie wana dawa yao: wanagonga kitako cha mpini mezani, ncha ya bapa inachungulia, unaivuta. Inafanya kazi, nimeona. Ila ala iliyolowa jasho inaongeza uvimbe huo, na ngozi inahifadhi unyevu pamoja na mabaki ya dawa za kulainishia, vitu ambavyo chuma hakivipendi. Usiku toa kisu kwenye ala, kilale nje. Mtu wa Tanga au Unguja anunue bapa lisiloshika kutu, lenye maandishi Inox. Lile la chuma cha kawaida, tamu kulinoa kama nini, waachie watu wa Lushoto na Njombe, tena wale wenye tabia ya kufuta kisu baada ya kukata ndimu.

Ya pili ni ala ya mkandani. Hii ni ya wenye kisu kirefu, na hapa namfikiria mwenye Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya koloni zake za Afrika, na wakati huo huku kwetu kulikuwa mojawapo. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Ni kisu cha kazi, sikatai, lakini kile kipete cha kuvuta mgongoni kinanasa kitambaa cha mfuko, kwa hiyo mkandani ndiko kwake. Chagua ala inayolala mlazo sambamba na mkanda. Ya kuning'inia wima ukikaa kwenye gari inakusukuma mbavuni, ukiinama inakuchoma nyonga. Ubaya wa mkandani ni kwamba kila mtu anakiona, na mlinzi wa mlango wa jengo la maduka ataanza na wewe.

Ya tatu ni yetu sisi wavaa madera na magauni ya kitenge, nguo ambazo mafundi wameamua hazihitaji mifuko, sijui walikutana wapi wakakubaliana. Mwambie fundi cherehani akutie mfuko mmoja wa pembeni, na ndani yake ashone mstari wima wa kutenga kijimfuko chembamba. Kisu kitasimama, hakitalala mkingamo. Ukikitupa mkobani kinazama chini na risiti za mwaka jana. Asiyetaka usumbufu wote huu atundike kijisu cha Victorinox Classic, cha milimita 58, kwenye funguo zake, akijua kwamba hicho ni cha kukata uzi na kufungua bahasha, embe bolibo si saizi yake.

Ala za nailoni za barabarani: mdomo unalegea, pita. Kisu kitupu mfukoni na sarafu: unajua mwenyewe.

Walio Uingereza wakumbuke kwamba kisheria, bila sababu ya msingi, unaruhusiwa kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Opinel namba 8 ina kufuli, kwa hiyo ala nzuri haitakusaidia mbele ya polisi.

Nimalizie na hawa wauzaji wa mtandaoni. Nimeandikiwa elfu 35 kwa ala ya vipande viwili vya ngozi na mshono wa pande tatu, kisha fundi viatu wa mtaani kwangu kanishonea kwa elfu 8, iliyogeuzwa, na uzi wa nta. Hiyo 35 yenyewe niliipata baada ya "bei njoo inbox," nikaenda inbox, nikaulizwa niko mkoa gani kwanza, ndipo nikatajiwa. Kwani ngozi inabadilika nikiwa Masaki? Na picha ni moja tu, ya mbele, chini ya taa, inang'aa. Nikaomba picha ya ndani ya mdomo wa ala nione ni upande gani wa ngozi. Imesomwa, tiki mbili za bluu, kimya.