Kronoskopu ya Hipp: nimeitumia, nimeipenda, imenitoa jasho

Nikisoma saikolojia Ujerumani, siku moja mwalimu wa historia ya fani alitutolea kabatini kronoskopu ya Hipp, yaani saa ya kupima muda mfupi sana, kama ule mtu anaochukua kuitikia mlio, tuitumie wenyewe. Matthäus Hipp alikuwa fundi saa, akaiunda miaka ya 1840. Mwanasaikolojia Wilhelm Wundt ndiye aliyeipa umaarufu katika maabara yake ya Leipzig, iliyoanza 1879.

Nilidhani kazi ni kubonyeza tu. Thubutu! Kwanza unapandisha uzani, kisha unavuta kamba. Uzani unashuka na magurudumu yanazunguka. Kinachoyazuia yasikimbie ovyo ni ulimi mwembamba wa chuma unaotetemeka mara 1,000 kwa sekunde, ukilia kama mbu aliyekuandama usiku. Mlio ukiyumba, ujue na kasi imeyumba. Akrabu hazigeuki mpaka sumaku ya umeme iziunganishe na magurudumu. Gololi ya chuma ikidondoka ubaoni, zinaanza; ukisikia tu, unabonyeza kitufe cha telegrafu, zinasimama.

Hazirudi sifuri. Unasoma kabla, unasoma baada, unatoa. Ina nyuso mbili za namba kama za saa, ziitwazo sahani: ya chini inakupa sehemu za kumi za sekunde, ya juu sehemu za elfu. Mara yangu ya kwanza: 2.437 kabla, 2.648 baada. Yaani sekunde 0.211. Nikajiona mwepesi, hadi jirani yangu akapata 0.164 na kucheka.

Sasa lawama. Sumaku hainasi wala kuachia papo hapo, na kuchelewa kwake kunategemea nguvu ya umeme. Umeme ukibadilika, jibu nalo limebadilika, wakati kidole chako ni kilekile. Sisi tuliandika vipimo vya saa nzima kabla ya kukumbuka kuikagua kwa nyundo ya kuangukia, ambayo muda wake wa kuanguka unajulikana. Vyote tukavifuta. James McKeen Cattell, Mmarekani aliyesoma kwa Wundt, alihangaika na tatizo hilihili, kwa hiyo sikujilaumu sana.

Kosa jingine ni la mtumiaji: ukishaizoea gololi unabonyeza kabla haijagonga, na akrabu zinakuumbua.

Nyota nne kati ya tano. Ukipata nafasi ya kuigusa, anza na nyundo, rudia nyundo kila baada ya vipimo vichache, na umpe kazi ya kusikiliza ule mlio mwenzako anayejua kuimba. Mimi niliushindwa.