Uzoefu wangu na kozi ya mtandaoni ya kuandaa masomo ya kidijitali

Ninafundisha Jiografia katika shule ya upili mjini Kisumu. Nilijiunga na kozi hii ya walimu kwa kuwa nilitaka masomo ninayowatumia wanafunzi wakati wa likizo yawafundishe kweli, badala ya kujaza simu za wazazi wao tu.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote inahusu kazi ya Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kuhusu kujifunza kwa maneno na picha. Akili hupokea kinachoonekana kwa njia moja na kinachosikika kwa nyingine, na kila njia hubeba machache kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwalimu anayeweka mchoro, akauandikia aya nzima kando, kisha akaisoma aya hiyo kwa sauti, humfanya mwanafunzi ahangaishe macho baina ya mchoro na maandishi ambayo tayari anayasikia. Afadhali sauti ieleze, na majina mafupi yaandikwe papo hapo kwenye sehemu ya mchoro inayotajwa.

Zoezi la sehemu hiyo lilitutaka tupange upya somo letu wenyewe, nami nikachagua jinsi Ziwa Viktoria lilivyotokea. Ardhi ya upande wa magharibi iliinuka, mito iliyotiririka kuelekea huko ikazuiwa, na maji yakajaa katika bonde pana lenye kina kifupi. Hata leo, panapozidi kina ni kama mita 80 tu. Niliukata mchoro mmoja uliosheheni kila kitu uwe hatua fupi fupi, na kila hatua ikaishia kwa swali ambalo mwanafunzi hulijibu kabla ya kusonga mbele. Sasa wanaweza kunieleza, bila kuangalia daftari, kwa nini ziwa letu halikutokea kama Ziwa Nakuru, ambalo limo kwenye sakafu ya Bonde la Ufa lenyewe. Furaha niliyoipata hapo ni kubwa.

Maswali hayo yana msingi. Kozi inaeleza jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006: waliosoma matini tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliowashinda. Kozi yenyewe hurudisha maswali ya sura za nyuma, jambo ninalolisifu sana.

Hata hivyo, mihadhara yake ya video ni mirefu, haipakuliki, wala haina maandishi ya kusoma, ingawa inahubiri vipande vifupi. Bando langu liliisha haraka, na mwenzangu anayeishi Nyakach, ambako mtandao husuasua, alikata tamaa njiani. Aidha, mifano karibu yote inamchukulia mwanafunzi kuwa ana kompyuta yake mwenyewe, ilhali wengi wa wanafunzi wetu husubiri jioni mzazi arudi na simu. Ilinibidi nitafute njia peke yangu: picha moja nyepesi na sauti fupi kupitia WhatsApp, na majibu kwenye daftari. Kanuni hazikuharibika kwa hilo.

Masomo ni bure. Cheti ndicho kinacholipiwa, nami sikukilipia. Ninaipendekeza kwa mwalimu yeyote mwenye somo mahususi analotaka kulitengeneza, mradi apate mtandao wa kutegemewa kwa ajili ya video.