Kabla masika hayajaanza: chombo gani cha maji ununue Bagamoyo

Mvua ikikaza hapa kwetu, cha kwanza kukosekana nyumbani si unga wala mkaa, ni maji safi. Uani maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, bombani hakuna hata tone. Umeme ukikatika pampu zinasimama, visima vifupi vinaingiliwa na maji ya vyoo, na vile vya karibu na bahari vina chumvi hata kiangazi. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kununulia kitu kimoja tu kabla ya Machi, nunua vyombo vya maji. Nimevipanga kwa jinsi nilivyovitumia mwenyewe.

Hesabu kwanza. Kwa kunywa na kupika, mimi huweka lita nne kwa kila mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita kwa siku tano inataka lita 120. Ya kuoga na kufua hayamo humo. Hayo utakinga chini ya mabati.

1. Dumu la lita 20

Sioni mpinzani wake. Lita 120 ni madumu sita, yanakaa chini ya kitanda. Mdomo wake ni mwembamba, hivyo mkono wa mtoto hauingii wala kikombe hakichovywi. Likitoboka moja, matano yamebaki. Na maji ya mafuriko yakiingia ndani, dumu unalibeba hadi kwa jirani aliyejenga mwinukoni. Dumu moja likijaa lina kilo 20, kwa hiyo changanya na mawili matatu ya lita 10 kwa ajili ya bibi na watoto.

Shida iko sokoni. Mengi ni yaliyokwisha kutumika, na mwuzaji atakuapia kwamba yalikuwa ya mafuta ya kula. Mwaka mmoja niliuziwa mawili yanayong'aa kama mapya. Siku ya tatu chai ikanuka dizeli. Tangu hapo nina desturi yangu. Naomba dumu lifungwe likae juani kidogo, kisha nafungua na kunusa. Ya mafuta ya kula sabuni na maji ya moto huyaweza. Ya dizeli, mafuta ya taa au dawa za shambani hayasafishiki, usijidanganye. Chini kabisa tafuta pembetatu yenye namba 2, ndiyo plastiki inayofaa, ila namba hiyo haikwambii dumu lilibeba nini jana. Kifuniko kiwe chake chenyewe. Ukiona kimefungwa juu ya kipande cha nailoni, jua hakikazi. Ukifika nyumbani lijaze, lilaze juu ya boksi usiku kucha. Asubuhi boksi litasema.

Kulisugua ndani ni kazi, nakiri. Tia mchanga safi na sabuni, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha suuza mara nyingi.

2. Ndoo yenye kifuniko na koki

Hii nunua moja tu, ya kutumia, si ya kuhifadhia. Inakaa juu ya stuli, watu wananywa na kunawa bila kuchovya chochote, na kuiosha ni rahisi. Udhaifu wake ni koki. Mwambie mwuzaji atie maji mbele yako, ufungue na kufunga mara kumi. Ikidondosha dukani, nyumbani itamwaga.

3. Pipa

Kwa kukinga mvua halina mfano. Lakini pipa la lita 200 likijaa halisogei, na mengi ya bluu yalikuja nchini yakiwa na kemikali za viwandani. Kama hujui lilibeba nini, maji yake yawe ya kufulia tu. Kisha lifunike vizuri. Mbu wa dengi hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na Dar es Salaam walikwishaonja ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

4. Simtanki

Hapa najua nitagombana na watu. Kwa siku za kawaida ni zuri sana. Kwa dharura, lita 1,000 ni tani nzima juu ya mnara uliojengwa na fundi wa mtaani, na likiwa tupu upepo unalichukua. La mjomba wangu lilikutwa kwa jirani, limekalia mgomba. Likiwa chini ya ardhi au linategemea pampu, umeme ukikatika unabaki kulitazama. Kwa bei yake unapata madumu ya kujaza chumba. Ukiwa nalo tayari, lijaze mapema kisha funga valvu ya kuingizia, maana bomba likipasuka barabarani tope litaingia tangini.

Na kuhusu upepo, kuna wanaosema vimbunga ni vya Msumbiji, huku havifiki. Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia, si mbali. Na kile cha Aprili 1872 kilichoipiga Unguja kilifika hapa hapa, kikabomoa majengo ya Misheni ya Kikatoliki.

5. Mtungi

Naandika kwa uchungu, maana maji ya mtungini na kata yake hayana mpinzani kwa ubaridi. Ila unavunjika ukihamishwa gizani. Uache pembeni ya mlango kwa siku za jua.

Chupa tupu za lita moja na nusu sijazipanga kwa kuwa hazinunuliwi. Zikusanye tu.

Hata maji ya bomba, yakishakaa, yachemshe au tia kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Kwetu madumu hujazwa kwenye angalizo. Ukingoja ile ya tatu, mtaa mzima umeshafungua bomba na presha imekwisha.