Seti ya kupandia matumbawe laini: miezi saba ya matumizi, Mtwara

Nianze na gundi, maana ndiyo iliyonikera. Seti niliyoagiza Dar es Salaam, ya kukata na kuotesha matumbawe kwenye tangi la maji ya bahari nyumbani, ilikuja na kisu kidogo cha upasuaji, vigingi 20 vya kauri, jozi moja ya glavu, chupa ya iodini ya kuoshea vidonda, tyubu mbili za supaglu nzito na vipande vitatu vya matumbawe hai. Kipeperushi kilisema: paka gundi, bandika, bana sekunde 30, kazi imekwisha. Kazi haikwisha. Asubuhi niliamka nikakuta vipande vinne kati ya vitano nilivyovikata usiku vimeng'oka, viwili vimejibanza nyuma ya pampu na kimoja kinaelea kama ganda la embe.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Tumbawe laini halina mifupa migumu ya chokaa kama yale yanayojenga mwamba. Ni nyama tupu yenye vijiti vidogo vidogo vya chokaa ndani, na ukiikata tu inatoa ute. Gundi inaushika ule ute, haiishiki nyama. Ute ukitoka, gundi inabaki kwenye kigingi peke yake, safi kabisa. Kipande kinatakiwa kijishike chenyewe. Kazi yako ni kukituliza mahali pamoja mpaka kiote kwenye jiwe.

Kwa anayetaka kujua bei: seti ilikuwa shilingi 185,000, na kwa nauli ya mzigo kwenye basi ikafika 200,000. Kwenye usafiri sina lawama hata kidogo. Kila kipande kilikuwa na mfuko wake wa maji uliojazwa oksijeni, vyote ndani ya boksi jeupe lile la kubebea samaki wa barafu. Basi liliondoka Dar alfajiri, nikaupokea mzigo stendi magharibi, na vyote vilikuwa hai.

Tangi langu ni la lita 120, liko sebuleni, nyumbani Shangani. Maji nayachota baharini kwa madumu, siku za bamvua maji yakiwa yamejaa, nayachuja kwa kitambaa na kuyapima chumvi. Yakisoma 35 kwa elfu, yanaingia. Masika siyagusi, mvua ikishusha tope sichoti. Yanayopungua kwa kukauka nafidia na maji baridi ya mvua kutoka kwenye tenki, siyo ya bahari, kwa sababu maji yanageuka mvuke na chumvi inabaki. Wageni wengi wa mchezo huu wanakosea hapo hapo.

Mzee mmoja mvuvi, jirani yangu, alipouona mzigo alicheka hadi akakaa chini. "Mwalimu, unanunua matumbawe kwa laki mbili na Msimbati yamejaa?" Nikamwambia, mzee wangu, Msimbati ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, sitaki kesi. Na haya yamezaliwa kwenye tangi, yamezoea taa. Akanitazama kama mtu anayeuziwa maji ya kisima kandokando ya mto.

Sasa kukata. Tumbawe kubwa kati ya yale matatu ni la umbo la uyoga, wataalamu wanaliita Sarcophyton: shina nene na kofia yenye vinywele vinavyochezacheza. Ukilitazama kwa karibu, kila kinywele ni kiumbe chenye mikono minane. Aliyekulia Mtwara ameshaona pingili za muhogo zikikatwa na kuchomekwa ardhini, basi mantiki ni hiyo hiyo. Unaikata kofia yote, unaigawa kama keki, na shina linalobaki linaota kofia nyingine. Kisu cha kwenye seti ni kikali kwelikweli, hakikuchana nyama. Iodini nayo ni nzuri: matone kwenye bakuli la maji ya bahari, vipande vikaoga dakika kumi hivi, na hakuna kilichooza.

Baada ya gundi kushindwa nilitaka kufunga vipande kwa kitambaa cha chandarua chakavu. Namshukuru mke wangu aliyeuliza, "Si kina dawa hicho?" Vyandarua vingi vina dawa ya mbu, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki na kamba. Ningeua tangi zima kwa sentimita kumi za chandarua. Tukachukua mfuko wa wavu wa vitunguu, tukauosha kwa maji ya moto bila sabuni, tukakifunika kila kipande juu ya kigingi chake na kufunga chini kwa rababendi, kwa kulegeza, maana ikikaza inakata nyama. Kisha vyote ndani ya bakuli la plastiki kwenye kona isiyopigwa na mkondo, na taa nikaipunguza. Siku ya kumi na mbili nilifungua wavu, nikavitikisa. Vyote vitano vilikuwa vimeshika.

Hofu yangu kubwa ilikuwa mama yao. Shina lilijifunga, likawa na ngozi inayong'aa kama limepakwa nta, na kwa siku tisa halikufunguka. Nikamtumia muuzaji picha usiku, nikiwa na hasira tayari. Alijibu ndani ya dakika chache: "Linajivua ngozi kaka, ongeza mkondo kidogo, usiliguse." Kweli, ngozi ikatoka yenyewe kama utando wa maziwa. Alinikumbusha pia nibadilishe ule mkaa maalumu wa kwenye kichujio, kwa kuwa matumbawe ya aina hii yakikatwa huachia kemikali za kuwafukuza majirani. Kwa huduma hiyo nampa nyota zote.

Kipande cha pili kati ya vile vitatu vya seti ni Xenia, lile linalofumba na kufumbua viganja siku nzima. Hili halihitaji seti wala kisu. Weka jiwe ubavuni, litalipanda lenyewe, kisha unalitenganisha. Linaenea kama magugu ya shamba la korosho, kwa hiyo liwe kwenye jiwe la peke yake.

Cha tatu kilikuwa zoantha, kundi la viumbe vidogo vinavyofanana na maua, rangi ya kijani na chungwa, kizuri kuliko vyote. Hapa nina lawama nzito kuliko ya gundi. Baadhi ya jamaa zake, hasa Palythoa, wana palitoksini, sumu iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kwa kiumbe wa huko Hawaii, na ni kati ya sumu kali zaidi zinazojulikana baharini. Ukiwakata maji yanaweza kukurukia jichoni au kwenye kidonda. Kuwachemsha jiweni ili kusafisha ndiyo hatari zaidi, mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini. Kipeperushi hakikusema neno hata moja, na miwani haikuwemo. Mimi nilikuwa nimeshasoma, nikaazima miwani ya fundi wa kuchomelea. Mwenye watoto wanaopenda kuingiza mikono kwenye tangi afanyeje? Nimemwandikia muuzaji aongeze miwani na onyo, amesema ataongeza. Gundi, kwa haki, ilifaa hapa tu, kwani zoantha walikuja na kijiwe chao. Jiwe kwa kigingi inashika vizuri.

Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa naiendesha kwa pawabenki. Mara ya mwisho ilikuwa saa tano mfululizo, na matumbawe yalinywea tu, yakafunguka kesho yake.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Vigingi vimekwisha, na sinunui vingine: makombe ya chaza kutoka jikoni, yakisuguliwa na kukaushwa juani, yanafanya kazi ile ile. Nina vipande kumi na moja sasa, na viwili vimekwenda Mikindani kwa mwalimu mwenzangu, ndani ya chupa ya chai, kwa bajaji. Tyubu ya pili ya supaglu nilibandikia soli ya kiatu cha binti yangu cha shule. Haijang'oka mpaka leo.